Gari la deraya la karatasi kwa mchezo wa vita mezani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale kila mara. Karatasi ya uzito gani? Gundi gani? Mbona paa halikai? Na lile kubwa kuliko yote: hivi karatasi itahimili kushikwashikwa na wachezaji wanne mchezo mzima? Itahimili. Ninayo magari ya karatasi yaliyokwishachezewa mara nyingi na kusafirishwa ndani ya makasha, na bado yanasimama sawasawa. Nimeona afadhali niandike yote mahali pamoja, ili anayeanza leo asirudie makosa ambayo wengi wetu tumeshayafanya.

Jambo moja lishike tangu mwanzo: gari la kuchezea si gari la kabatini. Gari la kabatini hutazamwa. La kuchezea hubebwa kwa vidole viwili likishikwa mnara wake, hugongwa na dadu, huangushwa sakafuni. Karibu kila uamuzi ulioko hapa chini, kuanzia unene wa mtutu hadi kitako, unatokana na tofauti hiyo.

Mfano wetu ni gari la deraya la Rolls-Royce la mwaka 1914. Nimelichagua kwa sababu lina mabapa mengi bapa, boneti nyoofu na mnara mmoja tu wa mviringo, kwa hiyo unajifunza kila kitu bila kuumia sana. Tena meza moja haimalizi kazi yake. Lilijengwa juu ya chasisi ya gari la kifahari la Silver Ghost kwa ajili ya kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza. Magari ya aina hii yalipigana Ufaransa na Ubelgiji, yakafika Afrika Kusini Magharibi ya Wajerumani (Namibia ya leo) mwaka 1915, yakaja Afrika Mashariki katika kampeni ya 1916, yakazunguka jangwa la Misri, na afisa wa Uingereza T. E. Lawrence aliyatumia Uarabuni. Ukijenga moja, una sababu ya kulitoa kabatini katika michezo mingi.

Kabla hujaanza

Chagua skeli kwanza, yaani uwiano wa ukubwa wa mfano na gari halisi, na skeli inaamuliwa na askari ulio nao. Kama askari wako wana kimo cha milimita 28, tumia 1/56. Wa milimita 20 wanaendana na 1/72, na wa milimita 15 wanaendana na 1/100. Gari halisi lilikuwa na urefu wa mita 4.93, upana wa mita 1.93 na kimo cha mita 2.54. Kwa 1/56 unapata urefu wa sentimita 8.8, upana wa sentimita 3.4 na kimo cha sentimita 4.5. Kwa 1/72 ni sentimita 6.8, 2.7 na 3.5. Andika vipimo hivi pembeni ya kiolezo chako (mchoro wa vipande unaochapishwa na kukatwa), vitakusaidia kugundua mapema kama printa imekudanganya.

Violezo vingi vya magari huchorwa kwa 1/25 au 1/50. Kupata asilimia ya kuchapishia, gawa namba ya skeli ya kiolezo kwa namba ya skeli unayoitaka, kisha zidisha kwa 100. Kiolezo cha 1/25 kikiwa kinakwenda 1/56, ni 25 gawa kwa 56, yaani karibu asilimia 45. Kutoka 1/50 kwenda 1/72 ni asilimia 69.

Vifaa:

- Karatasi nene ya gramu 160 hadi 200 kwa mita mraba. Kwa 1/72 kwenda chini tumia gramu 120 hadi 160.
- Kadibodi ngumu ya unene wa milimita 1, kwa mifupa ya ndani na magurudumu.
- Kisu chembamba cha karatasi na nyembe za akiba.
- Rula ya chuma. Rula ya plastiki italiwa na kisu, na kuanzia hapo haitanyoka tena.
- Ubao wa kukatia, au kadibodi nene unayoweza kuitupa.
- Gundi nyeupe ya mbao, pamoja na chupa ndogo ya gundi ya papo hapo.
- Vijiti vya meno, kibano, kalamu ya wino iliyokauka, penseli ya mviringo.
- Msasa laini, rangi za maji au kalamu za rangi, na vanishi isiyong'aa ya kupulizia.
- Washa mbili za chuma, zile za boliti.

Mkasi ukiwepo sawa, ila kazi kubwa ni ya kisu.

Kazi yenyewe

1. Chapisha, kisha pima. Kwenye dirisha la kuchapisha, zima chaguo linalotoshesha mchoro kwenye ukurasa na uandike asilimia yako mwenyewe. Chaguo hilo ndilo chanzo cha nusu ya vilio ninavyovisikia: kurasa moja inapungua kidogo, nyingine inabaki ilivyo, halafu paa linakuwa dogo kuliko kuta. Chapisha kurasa zote kwa mkupuo mmoja, kwa mpangilio mmoja. Kisha weka rula juu ya ubavu wa gari na ulinganishe na vipimo ulivyoandika. Chapisha na nakala ya pili ya kila kitu, utaihitaji.

2. Funga wino. Printa ya wino wa maji humwaga rangi mara inapoguswa na gundi au kidole chenye jasho. Pulizia vanishi tabaka mbili nyepesi kabla hujakata chochote, ukiacha la kwanza likauke kabisa. Pulizia nje au penye hewa ya kutosha. Usiloweshe karatasi, kwa sababu ikilowa inajikunja na hairudi ilivyokuwa. Wino wa unga, ule wa printa ya leza, hauchuruziki, lakini hupasuka kwenye mikunjo. Hilo tutalimaliza kwenye hatua ya 5.

3. Tafuta mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ina nyuzi, na nyuzi zina upande zinakolala. Chukua karatasi tupu ya aina ileile, ikunje kwa upole kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuivunja. Upande mmoja utalegea haraka, mwingine utabisha. Mkunjo ule uliolegea unafuata nyuzi. Faida yake utaiona kwenye mnara: ukanda wake unatakiwa ukatwe ili nyuzi zisimame wima, kutoka chini ya mnara kwenda juu. Ukikata kinyume, mduara utakuwa na kona kona kama ndoo iliyobonyea. Ikiwa kiolezo kimepanga mnara vibaya, uzungushe kwenye ukurasa kabla ya kuchapisha.

4. Kwaruza mikunjo kabla ya kukata. Wengi hufanya kinyume, wanakata kwanza halafu wanahangaika na kipande kidogo kinachoteleza. Weka rula juu ya mstari wa mkunjo na upitishe ile kalamu isiyo na wino mara mbili, kwa nguvu ya kawaida. Unataka mfereji, hutaki mkato. Ukitumia kisu hapa, siku ya tatu ya kuchezewa kona itaachana.

Ukiwa bado na ukurasa mzima, geuza upande wa nyuma na ubonyeze safu za ribiti (vile vichwa vya pini za kuunganishia mabapa ya chuma) kwa ncha butu ya sindano. Deraya ya wakati ule ilifungwa kwa ribiti, na vidoti hivyo vidogo vinavyoshika mwanga hufanya karatasi ionekane chuma. Inachukua dakika kumi. Fanya kwenye ubavu na mnara tu, sehemu nyingine haionekani.

5. Kata, kisha paka kingo rangi. Badilisha wembe mara tu unapoanza kuvuta nyuzi za karatasi. Pitisha kisu mara mbili au tatu kwa wepesi, usilazimishe kumaliza kwa mkato mmoja. Vidole vya mkono unaoshika rula vikae nyuma ya ukingo wake, na kisu kije upande wako bila mwili kuwa njiani.

Sasa lile ambalo anayeanza hulipuuza na anayejua halikosi: kila ukingo uliokatwa ni mweupe, na weupe huo ndio unaopiga kelele "mimi ni karatasi". Changanya rangi ya maji inayokaribiana na ile iliyochapishwa, iwe nyeusi kidogo kuliko kuzidi weupe, na upitishe brashi karibu kavu kwenye kingo zote na juu ya mikunjo. Fanya hivyo kabla ya kubandika. Baada ya kubandika brashi haifiki ndani.

6. Kunja na ujaribu bila gundi. Kunja kila mkunjo hadi mwisho, kisha uuachie urudi kwenye pembe yake. Kusanya mwili mzima kwa vidole: sakafu, mbavu, chumba cha dereva, boneti. Kama kilimi (ule ukingo mdogo wa kupaka gundi) kinagongana na kingine, punguza sasa. Usiruke hatua hii hata kama unaona kila kitu kiko wazi.

7. Tengeneza mifupa. Kata bapa la kadibodi ya milimita 1 lenye umbo la sakafu ya gari, dogo kuliko sakafu ya karatasi kwa milimita moja kila upande. Libandike ndani. Kata na viwambo viwili vya kusimama ndani ya mwili, kimoja nyuma ya injini, kingine chini ya mnara. Hivi ndivyo vitakavyozuia mbavu kubonyea mtu akilibana gari. Bandika washa mbili juu ya bapa la sakafu, katikati. Uzito huo mdogo hulituliza gari, lisisukumwe na mkono wa shati.

8. Bandika mwili. Mimina tone la gundi nyeupe juu ya kifuniko cha plastiki na uliache dakika moja au mbili liwe zito. Gusa kwa ncha ya kijiti cha meno, halafu upake kilimi kimoja kwa utando mwembamba kiasi cha kuonekana unang'aa tu. Bana, hesabu hadi thelathini, achia. Gundi ikitokeza pembeni umeweka nyingi mno. Gundi nyeupe ina maji, na maji yakizidi huivimbisha karatasi. Gari langu la kwanza lilipinda ubavu mzima kwa sababu hiyo, na hapakuwa na dawa.

Anza na boneti na rejeta, kisha chumba cha dereva, kisha sehemu ya mnara. Paa liwe la mwisho. Rejeta ya gari hili ilikingwa na milango ya deraya iliyoweza kufunguliwa ili injini ipoe. Ukipenda, kata milango hiyo na uiache wazi kidogo, na nyuma yake weka kipande cheusi. Ni kazi ndogo inayolipa. Sakafu ya nyuma, ile ya wazi yenye masanduku, ibandike ikiwa imeshika kiwambo cha nyuma, maana ndipo watu watakapolishika.

9. Magurudumu. Hapa chukua muda. Gari lina magurudumu mawili mbele na manne nyuma, kwa sababu ekseli ya nyuma ilibeba tairi mbilimbili kila upande. Usisahau hili, maana ukiweka moja moja gari litaonekana na njaa. Kwa 1/56 natumia kipenyo cha milimita 16 na unene wa kama milimita 2.4: duara mbili za kadibodi ya milimita 1 zikibandikwa pamoja, na uso wa karatasi iliyochapishwa kila upande. Kwa magurudumu sita hiyo ni duara 12 na nyuso 12.

Kukata duara ndogo kwa kisu kunawashinda wengi kwa sababu wanazungusha mkono. Zungusha kadibodi, mkono utulie. Kata mraba kwanza, punguza kona uwe na pande nane, punguza tena ziwe kumi na sita, kisha malizia kwa msasa. Choma tundu katikati kabla ya msasa, ingiza kijiti cha meno, na uzungushe duara juu ya msasa kama gurudumu. Linatoka la mviringo kweli. Mwisho, pitisha gundi ya papo hapo kidogo kwenye ukingo: inazama ndani ya kadibodi na kuifanya ngumu kama plastiki. Iache ikauke, piga msasa mara moja zaidi, paka rangi ya kijivu iliyokolea. Usitumie nyeusi tupu. Mpira wenye vumbi hauwi mweusi tii.

Kama mchezo wako ni wa miaka ya 1920, jua kwamba toleo la 1920 lilikuwa na magurudumu ya bapa badala ya spoku, na toleo la 1924 liliongezwa kikuba kidogo cha kamanda juu ya mnara. Spoku za 1914 zichapishe tu. Usijaribu kuzitoboa kwa skeli hii.

10. Ekseli na madigadi. Pitisha kijiti cha meno kwenye sakafu kama ekseli, lakini bandika magurudumu yasizunguke. Gurudumu linalozunguka hulifanya gari liteleze mezani, na katika mchezo wa vita inchi moja ni ugomvi. Madigadi yabandike baada ya magurudumu, yakiwa na utepe wa pili wa karatasi chini yake. Madigadi ya karatasi moja hupinda wiki ya kwanza.

11. Mnara. Urefu wa ukanda ni kipenyo mara 3.14, ukiongeza kilimi. Mnara wa kipenyo cha milimita 26 unahitaji ukanda wa milimita 82. Laza ukanda kwenye kiganja, uso chini, na uviringishe penseli juu yake huku ukikandamiza, mara tano au sita, mpaka ukanda wenyewe uanze kujikunja. Usiubandike ukiwa bado bapa na kuulazimisha. Kiungo kitaonekana kama mshono uliovutwa.

Kata duara mbili za kadibodi, moja ya chini, moja ya juu. Uzungushe ukanda kwenye duara bila gundi, uone kama ncha zinakutana. Zikipitana, punguza duara kwa msasa, usiguse ukanda. Ikifaa, bandika duara kwanza, kisha funga ukanda, kiungo kikiwa nyuma. Sehemu ya juu ya mnara huu imeinama kuelekea ndani. Ibandike ukingo kwa ukingo, ukiweka ndani kiutepe chembamba cha karatasi badala ya vilimi, kwa sababu vilimi huacha vinundu.

Chini ya mnara bandika kijitubu cha karatasi iliyoviringishwa kwa nguvu, kipenyo cha milimita 5, kiingie kwenye tundu la paa. Mnara lazima uzunguke. Wachezaji wataulizana bunduki inaelekea wapi, na jibu liwe linaonekana.

12. Bombomu. Gari lilibeba rashasha ya Vickers, iliyopozwa kwa maji, na lile koti lake la maji ni nene. Bahati nzuri, kipande cha kijiti cha meno kinatosha kabisa kwa 1/56. Kiingize hadi ndani ya mnara, kishike kwenye ukuta na pia kwenye tone la gundi upande wa pili. Mtutu uliobandikwa kwa nje tu utang'oka mchezo wa kwanza. Uache mfupi kidogo kuliko picha inavyosema.

13. Kitako na vanishi ya mwisho. Bandika gari juu ya kadibodi ya milimita 2, sentimita 6 kwa 11 kwa skeli ya 1/56. Paka kitako rangi pande zote mbili, la sivyo kitajikunja kuelekea upande uliopakwa. Nyunyiza mchanga laini juu ya gundi, paka rangi ya udongo, pulizia vanishi. Sasa watu watashika kitako, na gari litaishi. Kuna wasiopenda vitako kwa magari na nawaelewa, lakini kwa karatasi sioni njia nyingine.

Kuhusu rangi, tazama picha za kikosi unachokiiga kabla ya kuchapisha. Gari la jangwani lisilo na vumbi kwenye madigadi halimshawishi mtu. Futa poda kidogo ya penseli ya rangi ya udongo kwa kidole, chini kwenda juu.

Mezani

Wakati wa kuliingiza kwenye kanuni zako, kumbuka lilivyokuwa. Wafanyakazi ni watatu. Deraya yake ilizuia risasi za bunduki, haikuzuia mzinga. Lilikuwa la kasi barabarani na penye ardhi ngumu, lakini lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani nne juu ya tairi za hewa, hivyo matope na mchanga laini viwe adui yake kuliko askari. Ukitaka mchezo wa kwanza unaolipa gari hili haki yake, chukua Bir Hakeim, huko Libya, 17 Machi 1916: Duke wa Westminster, afisa wa Uingereza, alipeleka magari yake ya deraya pamoja na magari ya wagonjwa kuvuka jangwa, kuwaokoa mabaharia wa meli ya Kiingereza Tara waliokuwa wakishikiliwa na Wasanusi, kundi la Kiislamu la jangwa hilo. Safari yenyewe ndiyo vita.

Ukikwama

*Paa ni dogo kuliko mwili.* Pima paa na sakafu kwanza. Zikipishana, printa imechapisha kurasa kwa asilimia mbili tofauti. Chapisha paa upya. Zikilingana, mbavu zimetanuka: viwambo ni vipana mno, vipunguze nusu milimita.

*Mikunjo imepasuka na weupe unaonekana.* Rangi ya maji kwa brashi karibu kavu. Ikiwa mpasuko ni mkubwa, utepe wa karatasi nyembamba kwa ndani, kisha rangi.

*Ubavu umepinda.* Ukiwa bado haujafungwa, bandika kipande cha kadibodi kwa ndani na ukiweke chini ya kitabu kizito hadi kesho yake. Ukiwa umeshafungwa, tumia ile nakala ya pili.

*Gundi ya papo hapo imeacha ukungu mweupe.* Ni mvuke wake. Vanishi isiyong'aa huuficha mara nyingi. Mara nyingine tumia kidogo na acha hewa ipite.

*Mnara unayumba.* Zungushia kijitubu utepe mwembamba wa karatasi, tabaka moja moja, ukijaribu kila mara.

*Gurudumu moja linaning'inia.* Karibu kila mara ekseli ya nyuma imeingia kwa kupinda. Weka gari juu ya kioo, tazama kutoka usawa wa meza uone ni lipi. Usivunje ekseli. Saga kidogo tairi la upande wa pili wa ekseli hiyo, lile linalogusa kioo, au bandika kiduara cha karatasi chini ya lile linaloning'inia, na mchanga wa kitako utafunika kazi yote.